Kuwaka si kazi, kazi ni kudumu

Najua nimepotea karibu wiki tatu bila kuandika chochote, na wengine mmeanza kuuliza kama nimedisco. Bado nipo jamani! Ni test tatu mfululizo, halafu bumu limechelewa, na mtu mwenye njaa hata kublogu anaona kazi. Leo nimeazima laptop ya jirani yangu wa chumba, nimekaa kimbwetani na upepo unapiga vizuri. Nina jambo limenikaa kifuani tangu likizo, acha nilitoe.

Jambo lenyewe linahusu televisheni ya baba yangu mdogo. Kwa wasiojua, baba mdogo ana kibanda cha kuonyesha mpira kule Kihonda, Morogoro. Mechi ya kawaida kiingilio shilingi 500, Simba na Yanga wakikutana inakuwa 1,000. Msione kidogo, kibanda hicho ndicho kinachomsomesha mdogo wangu wa kike, na hata nauli yangu ya kuja chuo mwaka wa kwanza ilitoka humo humo.

Mwaka juzi televisheni yake ya zamani ilikufa. Akanipigia simu: "Mwalimu, wewe ndiye unasoma fizikia. Twende dukani ukanichagulie." Basi nikajiona profesa. Tulipofika, nikaiona moja ya inchi 65 yenye herufi kubwa za QLED ubaoni, rangi zake kali hadi unahisi nyasi za uwanjani zimemwagiliwa sasa hivi. Nikamwambia baba mdogo kwa sauti ya kujiamini kabisa: "Chukua hii. Hii haina taa nyuma, vidoti vyenyewe ndivyo vinavyowaka." Akatoa milioni moja na laki nane, akiba ya miaka. Tukafika kibandani, nikashika rimoti mwenyewe, nikapandisha mwanga hadi mwisho. Watu wakapiga makofi.

Miezi 14 baadaye ikazima. Sauti ipo, picha hakuna. Dhamana ilikuwa ya mwaka mmoja! Na ilikuwa wiki za mwisho za ligi, wakati ambao kibanda kinajaa kuliko wakati wowote. Kikafungwa wiki tatu.

Nilikuwa likizo, nikaenda naye kwa fundi. Fundi akailaza kifudifudi, akafungua, na hapo ndipo aibu yangu ilipoanza. Kulikuwa na safu za taa ndogo ndogo za LED kutoka juu hadi chini, na juu yake karatasi kadhaa laini za plastiki, moja yao ina rangi ya manjano manjano. Fundi akagusisha nyaya za kipimo chake kwenye taa moja, ikawaka. Ikawaka bluu! Akaichukua ile karatasi ya manjano akaiweka juu ya taa, mwanga ukawa mweupe. Akanitazama akacheka: "Mwalimu, hivi vidoti vyako haviwaki. Vinawashwa."

Baba mdogo hakusema neno. Alinitazama tu. Wadau, bora angenitukana.

Niliporudi chuo sikwenda bwenini kwanza, nilikwenda maktaba. Na nilichokisoma ndicho kilichonifanya niandike leo, maana nimegundua kwamba kosa langu si langu peke yangu.

Kwanza tuelewane hivi vidoti ni nini, na msidhani nasema doti ya khanga. Vidoti vya kwantamu ni vipande vidogo mno vya semikondakta, upana wake nanomita chache tu. Ajabu yake ni kwamba rangi inategemea ukubwa. Chukua kitu kile kile, tuseme kadmiamu selenaidi: kipande cha kama nanomita 2 kinatoa mwanga wa kuelekea bluu, cha kama nanomita 6 kinatoa mwekundu. Alexei Ekimov aliliona jambo hili kwenye vioo vya rangi huko Umoja wa Kisovieti mwanzoni mwa miaka ya 1980, Louis Brus akaliona kwenye kimiminika kule Marekani, na mwaka 1993 Moungi Bawendi na wenzake wakapata njia ya kuvipika vidoti vikatoka vyote vya ukubwa mmoja. Watatu hao ndio waliopewa Nobel ya kemia mwaka 2023.

Sasa, vidoti unaweza kuvitumia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuvimulika: taa ya bluu inapiga nyuma, vidoti vinaimeza sehemu ya bluu hiyo na kutoa kijani na nyekundu. Hiyo ndiyo iliyomo kwenye televisheni nyingi zinazouzwa kwa jina la QLED, ikiwemo ya baba mdogo. Ya pili ni kuvipitishia umeme vyenyewe viwake, bila taa ya nyuma kabisa. Hii ya pili ndiyo niliyoisoma nikadhani imeshafika dukani. Kumbe bado watu wanakesha nayo maabara, na kinachowakesha ni kwamba taa ya namna hii inawaka vizuri lakini inachoka.

Na hapa ndipo maoni yangu yalipo, naomba mnisome kwa makini. Habari nyingi za taa hizi zinatangazwa kwa namba moja, nayo ni ufanisi. Mimi nasema ufanisi ukitajwa bila umri ni nusu ya habari. Na umri wenyewe, ukitajwa bila kusema ulipatikanaje, nao ni nusu ya nusu.

Tuanze na ufanisi. Ukiingiza elektroni 100 kwenye taa, je, chembe ngapi za mwanga zinatoka nje? Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walipotengeneza taa ya kwanza ya aina hii, haikufika hata moja kati ya 100. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, walifikisha 20.5 kwa taa nyekundu. Mwaka 2019 watafiti wa Korea Kusini walipata 21.4, nyekundu pia, tena kwa vidoti vya indiamu fosfaidi visivyo na kadmiamu. Hilo la kuachana na kadmiamu si dogo, maana ni sumu, na sheria za Umoja wa Ulaya zinairuhusu kwenye vifaa vya umeme kwa kiwango kisichozidi asilimia 0.01 ya uzito. Mwaka 2020 Wakorea hao hao wakaleta bluu isiyo na kadmiamu, 20.2.

Utauliza, mbona wote wamekwama kwenye ishirini na kitu? Jibu liko kwenye somo la mwanga la sekondari. Kumbuka ile pembe ya kikomo, kwamba mwanga ukitoka kwenye kitu kizito kwenda hewani kwa pembe kubwa, haupiti, unarudishwa ndani. Matabaka ya taa ni bapa na mazito kwa mwanga, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwanga inazaliwa ndani na kufia ndani, na ni kama moja ya tano tu inayotoka. Kwa hiyo 20 kati ya 100 maana yake ni kwamba ndani karibu kila elektroni inafanya kazi yake! Ziko mbinu za kuutoa mwanga ulionasa, na ufanisi unaweza kupanda zaidi. Lakini mbio za ufanisi zimekaribia ukutani. Mbio zilizobaki ni za umri.

Sasa kwa nini taa inachoka? Mwanga unatokea pale elektroni inapokutana na tundu, yaani ile nafasi yenye chaji chanya, ndani ya kidoti. Elektroni zinapitia tabaka la zinki oksaidi, barabara ya lami, zinafika chap chap. Matundu yanapitia tabaka la plastiki ya oganiki, barabara ya vumbi yenye mlima mwishoni. Elektroni zinafika nyingi, matundu yanachelewa. Kidoti kinabaki na elektroni ya ziada, na hiyo ndiyo balaa: wawili wakikutana ili watoe mwanga, yule wa tatu anaidaka nguvu yao, na hakuna mwanga unaotoka. Wataalamu wanauita mchakato wa Auger. Elektroni nyingine zinapitiliza hadi kwenye tabaka la oganiki na kuliharibu polepole. Ongeza joto, ongeza unyevu na hewa ya oksijeni inayopenya, taa inazeeka.

Dawa zipo, na nyingine zinapendeza kweli. Mojawapo ni kukivika kidoti ganda nene la semikondakta nyingine, ili ule ugomvi wa watu watatu upungue. Lakini ninayoipenda mimi ni ya wale wa Zhejiang mwaka 2014. Walifanya nini? Waliweka tabaka jembamba la plastiki isiyopitisha umeme kati ya zinki oksaidi na vidoti. Yaani waliweka tuta barabarani! Elektroni zikapunguza mwendo, matundu yakapata muda wa kufika, na ufanisi na umri vikapanda pamoja. Haraka haraka haina baraka, hata kwa elektroni.

Bluu ndiyo mtihani mkubwa. Chembe moja ya mwanga mwekundu ina nguvu ya kama eV 2.0, ya bluu kama 2.7, kwa hiyo inasumbua zaidi kila kilicho jirani. Na mlima wa matundu kuingia kwenye kidoti cha bluu ni mrefu zaidi. Matokeo yake bluu inachoka mapema. Na skrini ina rangi tatu, kwa hiyo umri wa skrini ni umri wa ile inayochoka kwanza. Bluu ikififia, nyeupe yako inageuka manjano hata kama nyekundu ingali na nguvu zake zote.

Haya, tuje kwenye hesabu, na nawaomba wale wa masomo ya sanaa msikimbie. Ile taa nyekundu ya mwaka 2019 ilitangazwa kuwa na umri wa saa milioni 1. Gawanya kwa saa 8,760 za mwaka: ni miaka 114. Nani alikaa miaka 114 na saa ya mkononi akiitazama? Hakuna. Kinachofanyika ni kuiwasha taa kwa mwanga mkali ili ichoke haraka, kupima muda huo, halafu kupiga hesabu kwamba ingewaka polepole ingeishi muda gani. Kanuni ni kwamba mwanga wa mwanzo ukiupandisha kwa kipeo fulani na kuuzidisha na umri, jibu halibadiliki. Kipeo kinachotumiwa sana ni 1.8 hivi.

Na ile saa milioni 1 ni kwa mwanga wa kandela 100 kwa mita ya mraba, ambao kwa skrini ni hafifu. Uwe wa kandela 1,000, kama simu inayotumika juani, na kwa kipeo cha 1.8 umri unagawanywa kwa 63. Saa milioni 1 inakuwa kama saa 15,850. Bado nzuri. Ila sasa chukua ile bluu ya mwaka 2020: umri wake uliotangazwa kwa kandela 100 ni saa 15,850. Igawanye kwa 63. Unabaki na saa 250. Siku 10 na kidogo! Na hapo "umri" maana yake ni muda wa mwanga kushuka hadi nusu, wanauita T50. Skrini iliyoshuka hadi nusu umeshaiona mbovu zamani. Ndiyo maana wenye viwanda wanaangalia T95, muda wa mwanga kupungua kwa asilimia 5 tu, na huo ni mfupi zaidi.

Msinielewe vibaya, kazi ile ni kubwa na waliyoifanya nawavulia kofia. Ninachosema ni kwamba namba ile ile inaweza kusomeka kama ushindi au kama kazi ambayo bado sana, kutegemea umeambiwa nini kingine pembeni yake.

Na kipeo chenyewe si amri kutoka mbinguni. Chukua taa iliyopimwa saa 1,000 kwa kandela 1,000. Ukitumia kipeo cha 1.5, umri wake kwa kandela 100 ni kama saa 31,600. Ukitumia 2, ni saa 100,000. Taa ni ile ile, majibu mawili, moja ni mara tatu ya lingine. Halafu liko na jambo jingine la ajabu: baadhi ya taa hizi, zikifunikwa kwa gundi yenye asidi na kuachwa kabatini siku kadhaa, zinakuwa bora kuliko siku zilipotengenezwa, kabla hazijaanza kushuka. Sasa ukipima siku ya kwanza una jibu lako, ukipima siku ya kumi una lingine.

Jirani yangu wa chumba, mwenye laptop hii, anasoma uhandisi. Nilimsomea haya jana usiku akanipinga vikali. Akasema, "Wewe unataka wasubiri miaka 114 ndiyo watangaze? Kupima kwa kuharakisha kupo kila mahali, matairi, madaraja, balbu, dawa. Bila hivyo hakuna kiwanda." Ni kweli, na nakubali kabisa. Mimi sikatai hesabu. Nataka mtangazaji aseme mambo manne kila anapotaja umri: alipima kwa mwanga gani, kwa saa ngapi za kweli, alitumia kipeo gani na amekipataje, na mwanga ulishuka hadi wapi. Wengi wanayaandika ndani ya ripoti zao. Tatizo ni pale namba inaposafiri. Inatoka kwenye ripoti ikiwa na nguo zote, inafika gazetini imevuliwa koti, na kwa muuzaji inabaki uchi: "saa milioni moja!" Na mtu kama mimi, mwanafunzi wa ualimu, anaibeba hivyo hivyo na kumpelekea baba yake mdogo.

Akaniuliza tena, "Sasa wewe mwalimu mtarajiwa wa kidato cha tatu, haya yanakuhusu nini?" Yananihusu sana. Nikiwa TP mwaka jana niliwafundisha watoto kwamba ufanisi ni nguvu inayotoka gawanya kwa inayoingia, zidisha mara mia. Tukafanya maswali kumi, basi, somo limekwisha. Hakuna hata swali moja lililouliza: baada ya mwaka itakuwa ngapi? Tunawazoesha watoto kudhani kifaa ni namba ya siku ya kwanza. Halafu wakikua wananunua betri za sola, tochi na simu kwa kuangalia namba ya siku ya kwanza. Nyumbani kwetu kifaa hakibadilishwi kila mwaka, kinanunuliwa mara moja kwa akiba ya miaka. Kwa hiyo namba ya pili, ya umri, ndiyo namba yetu.

Hata kosa la mwanga wa juu lilikuwa langu. Televisheni ya baba mdogo si taa ya vidoti vinavyowaka, namba zake ni tofauti, lakini ubishi ni ule ule: ukiisukuma taa kwa nguvu inapata joto, na inakufa mapema. Kibanda kinafunguliwa kama saa 9 kwa siku. Miezi 14 ni kama saa 3,800, zote mwanga ukiwa mwisho kwa sababu "mwalimu" alisema. Fundi alipomaliza kubadilisha safu za taa (alizitafuta za bluu hasa, maana nyeupe chini ya ile karatasi zingeharibu rangi zote), alishika rimoti akashusha mwanga hadi nusu. "Muiache hapa hapa," akasema. Picha bado ilionekana vizuri, kwani kibanda chenyewe kina giza.

Juzi nilimpigia baba mdogo. Nikamweleza yote, vidoti, bluu, saa 250, na nikamwomba radhi. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Sasa hiyo inayowaka yenyewe ikifika dukani, nikuulize tena?" Nikamwambia aniulize, ila safari hii sitaangalia rangi. Nitamuuliza muuzaji bluu yake inaishi saa ngapi na kwa mwanga wa kiasi gani, na akinijibu "saa milioni" tu, tunaondoka. Akacheka. Sijui kama amenisamehe, ila mdogo wangu amerudi shule na ada imelipwa nusu.

Naomba kuwasilisha. Wadau, hasa mnaosoma fizikia na ninyi mafundi wa redio na televisheni, mniambie kama nimekosea mahali. Nami sasa nafunga, betri ya laptop hii imebaki asilimia 6 na mwenyewe ananiangalia vibaya.

Tuko pamoja.